Tupeane uzoefu: kuingia mikokoni kwa kayaki ukiwa na kiongozi

Mpiga Kafi, Kilifi

Wenzangu, hamjambo. Likizo zikikaribia watu huanza kuulizana habari za kayaki, vile vyombo vyembamba vya kupiga kafi, kwenye mikoko, na majibu mengi huwa ya bei na namba za simu. Nimefungua mada hii tuelezane yale mengine: ulikwenda wapi, uliingia saa ngapi, aliyekuongoza alikuwa mtu wa namna gani, uliona nini. Nianze mimi.

Kwetu panapojulikana zaidi ni Mida, upande wa Watamu. Hori lile, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, limo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968, na mdomo wake ni mwembamba. Maji yote huingilia na kutokea hapo, kwa hiyo mkondo wa mdomoni una nguvu, na kiongozi anayejua kazi hakupeleki huko maji yakitoka. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi hori lote ni tope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo hiyo ya nne ndipo yanapojaa, ingawa hayapandi sana. Na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Mtu akiyajua hayo, hata akiwa Nairobi anaweza kutazama mwezi akachagua tarehe.

Sisi tulikwenda siku za bamvua. Wenzangu walitaka asubuhi, wakiogopa jua. Kijana wa kutuongoza, mzaliwa wa Dabaso na baba yake mvuvi wa kaa, akakataa kabisa kupokea pesa ya asubuhi. Akasema njooni saa nane mchana, maji yatatusukuma kuingia na yakigeuka yatatusaidia kutoka. Ikawa hivyo. Kwenda hatukutoa jasho.

Ndani kabisa, mahali ambapo matawi yanakutana juu ya kichwa, akatusimamisha chini ya mchu, mmoja wa miti ya mikokoni. Tukaweka makafi mapajani. Kwenye shina kulikuwa na konokono wadogo wengi, wote wakipanda, na maji yalikuwa bado hayajawafikia. Akatueleza kuwa hupanda kabla ya maji kuja, na yakipwa hushuka kula matopeni, na kwamba wataalamu wamewachunguza hapo hapo Mida wakitaka kujua wanajuaje saa. Kisha akachuma jani la mchu akanipa nilirambe. Chumvi tupu! Mchu huitoa chumvi kwa majani, lakini mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya kupinda, huizuia kule kule mizizini isipande. Nimezaliwa pwani na sikuwahi kuambiwa hilo na mtu.

Haya, nani anafuata?

Binti Pete, Unguja

Asalaam alaykum. Mie nilikwenda na wifi yangu, tuliingilia Michamvi, Ghuba ya Chwaka. Wageni wengi wakija Unguja huishia kwenye daraja la mbao pale Pete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ni pazuri, ila pale unaitazama mikoko kwa juu. Kwenye kayaki unakaa usawa wa maji, kaa wanakupita mbele ya macho.

Nataka niseme na wanawake wenzangu, maana haya ndiyo tunayoulizana pembeni. Kwanza, sijui kuogelea. Nilimwambia kiongozi kabla hata sijavua viatu. Hakucheka. Alinivisha jaketi la kuokolea, akavuta mikanda yote mwenyewe mbele ya wifi yangu, akaniingiza kwenye maji ya kifuani niachie miguu nione linavyonibeba. Baada ya hapo hofu ikanitoka. Pili, mavazi. Baibui nililiacha nyumbani, nikavaa suruali pana na fulana ya mikono mirefu, mtandio nikaufundika kwa nyuma. Nguo ndefu ikirowa inakuwa nzito na inaweza kukunasa miguu mkipinduka. Viatu viwe vya kufunga, kandambili zinabaki kwenye tope. Tatu, kayaki ya watu wawili mzito akae nyuma, mwepesi mbele, ndipo inakwenda sawa. Wifi alikaa nyuma na tukapatana vizuri sana.

Usishike mizizi kwa mkono. Imejaa chaza, na chaza anakata vibaya. Mkienda kukwama ukingoni, sukumeni kwa kafi.

Kilichonigusa mno ni visiki. Kiongozi wetu alituonesha sehemu iliyokatwa kwa ajili ya kuni za kuchomea chokaa, akasema babu zake nao walikata hapo hapo. Sasa yeye anaishi kwa kuionesha ile iliyobaki. Aliyasema hayo bila kumlaumu mtu, na pembeni ya visiki kuna miche imeshafika urefu wa kiuno.

Msafiri wa Temeke

Wakuu, yangu haikuwa nzuri. Nilikata tiketi kwa mwendeshaji mmoja, jina naliacha. Tuliambiwa saa tatu asubuhi, kundi kubwa, kiongozi mmoja ambaye ndiyo kwanza ameletwa kutoka mjini. Tulipofika katikati ya mikoko maji yakaanza kutukimbia. Kayaki zikakaa kwenye tope, tukashuka kuzivuta, tope likatufika magotini na kuna mama mmoja alikuwa na mtoto. Tulisubiri juani mpaka mvuvi akaja kutuonesha mkondo mwembamba uliobaki na maji. Yule mvuvi hakulipwa chochote na kampuni, sisi ndio tukamchangia. Pesa yangu sikurudishiwa.

Nimesoma maelezo ya bwana wa Kilifi kuhusu mwezi, nikaenda kutazama kalenda. Siku ile ilikuwa bamvua.

Mpiga Kafi, Kilifi

Pole sana ndugu yangu. Saa tatu asubuhi siku ya bamvua ni kumpeleka mtu topeni kwa makusudi. Ndiyo maana nasema kabla ya kulipa muulize anayekupeleka: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi? Mwenyeji atakujibu papo hapo, au atakuuliza tarehe ngapi ya mwezi mwandamo kisha akujibu. Akikwambia "wakati wowote ni sawa", kaa na pesa yako. Uliza pia kila kiongozi anaongoza kayaki ngapi.

Mzee wa Boriti, Lamu

Wanangu, nawasoma na nafurahi. Mimi mikoko niliijua kwa shoka kabla ya kuijua kwa matembezi. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu Lamu, na baba zetu waliikata na kuipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Ikahesabiwa kwa korja, miti ishirini ishirini, ikapakiwa majahazini kwenda Arabuni. Ukiingia nyumba ya zamani ya mawe, hapa Lamu au Unguja, utaona vyumba ni virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti, urefu wake ndio uliopima upana wa chumba. Serikali ilizuia kuuza nje mwaka 1982.

Mwaka huu mjukuu wangu alinipeleka kwa kayaki. Nilikaa mbele, yeye nyuma. Kijana aliyetuongoza alikuwa akitaja miti, na kila akitaja mimi namwambia kazi yake: mkandaa, gome lake hutoa rangi ya kutilia ngozi na nyavu, msinzi, ambao huku kwetu tunauita muia, mti mnyoofu wa kujengea, mkomafi, mbao zake zafaa kwa vyombo. Tulipotoka kiongozi yule akaomba tuingie tena kesho yake, kwa ajili yake yeye, aandike.

Shauri langu kwa wanaotaka kuja huku: msimu wa kusi, hasa Juni na Julai, mlangoni, panapofungukia bahari kuu, kuna upepo na mawimbi, msitoke nje ya mikono ya bahari ya ndani. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu zaidi.

Mkazi wa Kibiti

Shikamoo mzee. Shikamooni wakubwa wote.

Mimi nataka kutoa tahadhari kwa sababu nimeona watu wakiuliza kuhusu delta ya Rufiji. Ni kweli huku ndiko kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote Tanzania, zaidi ya hekta 50,000. Lakini Rufiji ni mto. Una mamba na una viboko, na kayaki inakaa chini sana majini. Njooni kwa boti ya injini na nahodha wa huku, mnaweza kuanzia Nyamisati. Mtu akikuahidi kayaki ndani ya delta, mkatalie.

Ughaibuni Ghuba, Abu Dhabi

Jamani mmenikumbusha nyumbani. Huku nako kuna biashara kubwa ya kayaki za mikokoni, kwenye mikoko ya mashariki mwa mji na kisiwa cha Jubail. Nilikwenda siku ya mapumziko na wenzangu wa kazini, Waganda na Wakenya. Kiongozi alikuwa Mfilipino, hodari, mafunzo ya dakika kadhaa nchi kavu kabla ya kugusa maji: namna ya kushika kafi, kurudi nyuma, kusimama, na mkipinduka mfanye nini. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia bila jaketi. Natamani hilo la mafunzo lishikwe kwetu kila mahali.

Miti ni ya aina moja, mchu. Mifupi kuliko ya kwetu, maana bahari ya Ghuba ina chumvi kali na mvua ni haba. Nilipoliona lile jani, juu la kijani na chini la kijivu, nikalichuma nikaliramba kabla kiongozi hajasema neno. Akashangaa nimejuaje. Nikamwambia kwetu Mtwara tulikuwa tukikata fimbo za kuchungia mbuzi humo humo. Mbele ya miti kuna maghorofa ya vioo, lakini ukiingia mfereji wa ndani yanapotea, unabaki na yangeyange na kaa.

Msimu wa huku ni Novemba hadi Machi. Miezi ya joto wengi huingia usiku, na taa chini ya kayaki.

Mama Miche, Kwale

Habari za mchana. Mimi ninaongeza la pesa, kwa sababu pesa ya safari inakwenda mahali, na mgeni ana haki ya kujua.

Gazi tuna mradi wa Mikoko Pamoja, vijiji vya Gazi na Makongeni. Tangu 2013 unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo, yaani wanaotaka kufidia moshi wao hulipa ili miti isikatwe. Mapato yamekwenda kwenye maji ya bomba na shule. Nawaambia hivi kwa sababu kijiji kikiona faida, hata kiongozi wako anakuwa na moyo mwingine. Anajua mche huu ulipandwa mwaka gani na nani alikuwepo. Mimi mwenyewe nimepanda na kinamama wenzangu, na mingi ya mwanzo ilikufa kwa sababu kila jamii ya mti ina usawa wake wa maji. Mlilana hukaa upande wa bahari, unaoshwa kila siku. Mkandaa uko nyuma zaidi. Ukipeleka mche usipotakiwa, maji yatauondoa.

Kwa hiyo mkija, ulizeni: kiongozi ni wa hapa? Kijiji kinapata fungu gani? Mkiletwa na hoteli, waulizeni hoteli pia. Na msije na chupa za plastiki za kutupa. Kwenye hifadhi za Kenya zimepigwa marufuku tangu Juni 2020. Njooni na chupa ya kujaziwa.

Mwalimu wa Moro

Nashukuruni sana, nimejifunza. Swali langu: nataka kumpeleka mama yangu, ana miaka sitini na kidogo, magoti yanamsumbua, lakini hamu anayo. Tunafikiria Mida. Ataweza?

Mpiga Kafi, Kilifi

Mwalimu, ataweza, ila mpange mapema. Omba kayaki ile ya kukaa juu, yenye kiti cha kuegemea, maana ile ya kuingiza miguu ndani itampa shida kutoka. Kiongozi aishike kwenye maji ya magotini, mama akae kwanza kwa makalio kisha apandishe miguu; asijaribu kusimama ndani yake. Yeye mbele, wewe nyuma, na mwambie apumzishe kafi akichoka, wewe utapiga. Kofia pana, dawa ya mbu, maji ya kutosha, na saa moja inamtosha kwa mara ya kwanza.

Kwa tarehe, chagua bamvua na muingie alasiri, mtoke maji yakianza tu kugeuka. Yakishapwa, njia ya kutoka mpaka ufukweni ni tope refu, na hapo ndipo magoti yatamsumbua. Kama siku hiyo upepo ni mkali au hajisikii, pale Dabaso kuna daraja la mbao linaloingia mikokoni, mwisho wake kuna mkahawa wa kikundi cha wanakijiji. Atakaa hapo, na konokono atawaona vile vile.