Re: Fomu C ya Greater Noida na safari ya Bhikaji Cama Place

Kutoka: Mwanafunzi, Knowledge Park II

Ndugu wanajumuiya, salaam. Wakala mmoja, ambaye simtaji, alinielekeza nipeleke maombi ya kuongeza viza Delhi, kwenye ofisi ya usajili wa wageni karibu na Bhikaji Cama Place, nami nikapanda treni ya metro, Laini ya Aqua, kutoka huku Greater Noida hadi Sector 51, nikatembea hadi Sector 52 bahasha ikiwa chini ya koti kwa sababu ya mvua, nikachukua Laini ya Buluu hadi Mayur Vihar na kumalizia kwa Laini ya Pinki. Karani aliizungushia duara kwa kalamu nyekundu anwani iliyo kwenye Fomu C yangu, ile fomu ambayo mwenye nyumba huijaza kumsajili mpangaji mgeni, mahali palipoandikwa Uttar Pradesh, yaani jimbo jirani na si Delhi, akanirudishia karatasi zote. Je, nikihamia Mayur Vihar, ambako ni Delhi, Fomu C hii itanifaa, au mwenye nyumba mpya ndiye ajaze nyingine?

Kutoka: Mzee wa Dwarka

Pole, kijana. Ungebadilisha treni kituo cha Botanical Garden, ukachukua Laini ya Magenta hadi Munirka. Pinki mimi niliiacha tangu 2019, kwa kuwa ilikuwa imekatika pale Trilokpuri.

Kutoka: Lajpat Nagar

Shikamoo mzee. Naomba kusahihisha: kipande cha Trilokpuri kiliunganishwa Agosti 2021, na hata kabla ya hapo kilikuwa upande wa pili wa Mayur Vihar, kwa hiyo hakikumhusu aendaye Bhikaji Cama Place. Ukishuka Munirka utahitaji bajaji kufika ofisini. Na mpaka huo wa jimbo nami naujua: nilipokuwa nikimuuguza mama, tulijaribu kurudi Noida usiku kwa bajaji, na madereva watatu walitikisa kichwa mara tu walipousikia mpaka wa jimbo.

Kutoka: Mzee wa Dwarka

Marahaba. Magenta nimeitaja kama njia nyingine tu, sikusema ni karibu zaidi.

Kutoka: Gurugram

Sisi nasi Laini ya Njano inatufikisha Delhi moja kwa moja, lakini kwenye karatasi tunahesabiwa jimbo la Haryana. Nyumbani mtu hulala Kibaha, mkoa wa Pwani, akashinda Kariakoo siku nzima, na asiulizwe na mtu ametoka mkoa gani. Siku hizi naikumbuka hata foleni ya Kimara.

Kutoka: Mwanafunzi, Knowledge Park II

Nawashukuru wote kwa maelezo ya njia. Kuhusu Fomu C bado nasubiri, maana mwenye nyumba wa Mayur Vihar anataka jibu Jumamosi.