Jolene: namba 1 au namba 60?

MzeeWaSanturi: Wakuu, nisaidieni. Jana nimebishana na shemeji mpaka chai ikapoa. Mimi nashikilia kwamba Jolene, wimbo wa Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ulishika namba 1. Yeye kafungua simu, kanionyesha namba 60. Nami nikafungua yangu: namba 1. Zote za Billboard, jarida la Marekani la chati za nyimbo, zote 1974! Nani anaota hapa?

KinandaKimya: Hakuna anayeota, mkuu. Mmesoma chati mbili. Kwenye chati ya kantri wimbo huo, uliotoka Oktoba 1973, ulifika kileleni Februari 1974. Hiyo 60 ni ya Hot 100, ambako kantri inagombania nafasi na pop, soul, roki na kila kitu. Enzi hizo, redio za pop zisipokupiga, ilikuwa vigumu kupanda, hata kama redio za kantri zinakupiga kutwa.

Bwana_Chati: Tusidanganyane, 60 ni 60. Hot 100 ndiyo ligi kuu.

KinandaKimya: Sawa, ila Uingereza wimbo huohuo ulifika namba 7 mwaka 1976. Ulikuwa umeshazeeka! Halafu chukua I Will Always Love You. Dolly aliufikisha namba 1 ya kantri 1974, akaurekodi upya, ukarudi namba 1 mwaka 1982. Kwenye Hot 100 ukaishia 53. Whitney Houston akauimba 1992, ukakaa kileleni wiki 14. Wimbo ni uleule jamani, mlango ndio tofauti. Dolly mwenyewe alifika kilele cha Hot 100 mwaka 1981 na 9 to 5, kisha 1983 na Islands in the Stream, aliouimba na Kenny Rogers.

Bwana_Chati: Ule wa Kenny waliuandika Bee Gees, kundi la pop, kwa hiyo pop ilikuwamo tangu jikoni. Lakini haya, nimekusikia.

MzeeWaSanturi: Asanteni, nimempelekea shemeji yote. Na kisa kimoja: ninayo ile sahani ndogo ya Jolene, ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Leo nimeiweka nikasahau swichi kwenye 33. Gitaa likawa linadondoka tone kwa tone, unausikia kila uzi, na sauti ya Dolly ikashuka ikawa ya mwanamume mpole mwenye huzuni. Shemeji kaacha simu, kauliza, "Huyu jamaa ni nani? Yeye alifika namba ngapi?"

Sijamjibu mpaka sasa.