Waliopita jangwani Oman kwa gari, tupeane uzoefu (Nizwa, Ibra, Bidiyah, Sur)

Pweza Mkavu: Leo nimeona picha ya milango ya kuchonga ya Mudhayrib, kijiji kule upande wa Ibra, ungedhani ni Mji Mkongwe. Waliopita njia ile wamwage hapa.

Bint Makunduchi: Ibra nilifika Jumatano, siku ya soko la wanawake. Mume wangu akarudishwa mlangoni, nami nikanunua kwa nafasi. Nikawa namnung'unikia kwenye simu, mara bibi muuza buhuri akadakia: "Mwache akae garini mwanangu, si kuna kiyoyozi?" Kazaliwa Unguja, wakaondoka baada ya 1964.

Kibuyu: Kweli tupu. Ibra nzima Kiswahili.

Dereva Mstaafu: Acha chumvi. Wazee, sawa. Vijana utawasemesha mpaka ukauke.

Kibuyu: Wewe ulisimama kujaza mafuta tu, utawajulia wapi?

Mama Nuru: Mmenikumbusha Bidiyah. Tuliingia mchanga wa Wahiba na shemeji. Wenyeji pale Bidiyah wakamwambia apunguze upepo kwenye matairi. Akajibu, "Nimeendesha Dubai mimi." Hatukufika mbali, gari likalalia tumbo. Saa nane mchana, mwezi wa sita, simu haishiki mtandao. Shemeji anakanyaga mafuta, tairi zinazidi kuchimba. Tukatandika mazulia ya gari chini ya tairi, yakatupwa nyuma huko. Watoto wakanyamaza, na watoto wangu hawanyamazi hivi hivi. Mama mkwe akaanza Yasin. Shemeji akasema atafuata nyayo za ngamia kwa miguu akatafute msaada. Mama akakatisha kisomo: "Ukiondoka hapa, tutakutafutia wapi maiti yako? Kaa kivulini!" Akakaa. Jua linakaribia kuzama ndipo ikatokea pikapu, kijana wa Kibedui, peku. Salamu, basi. Akatoa upepo tairi zote nne kwa kijiti, akaingia mwenyewe, akalitoa gari kinyumenyume polepole. Pesa akakataa, akatumiminia kahawa na tende. Shemeji mpaka leo anasema gari lilikuwa limeshaanza kutoka lenyewe.

Bint Makunduchi: Mama mkwe apewe maua yake 😂

Mzee wa Kaskazi: Upepo wa tairi mchangani ni psi 15 mpaka 18, mjadala umefungwa.

Dereva Mstaafu: 15 kwa gari lililojaa watu? Ukikata kona tairi inavuka rimu. 20 inatosha.

Kibuyu: Dawa ni kutoingia mchangani. Barabara ya lami mpaka Sur ipo.

Pweza Mkavu: Jamani, nilianza na milango mimi.

Mzee wa Kaskazi: Milango na majahazi ni watu wale wale. Sur nenda ukaone Fath al-Khair, jahazi la 1951. Vyombo vya Sur vilikuwa vinateremka Unguja na kaskazi, vinarudi na kusi.

Ukhty wa Nizwa: Nizwa fikeni Ijumaa asubuhi, mnada wa mbuzi. Wanazungushwa mbele ya wanunuzi, bei inapigwa kelele, ukichelewa umekosa. Ngome pale pale jirani. Mkiona mawingu mlimani msikatize wadi, yaani mkondo wa mto, hata kama ni kavu. Maji yanatoka mbali, yanabeba gari.

Mama Nuru: Shemeji wangu angekatiza.

Kibuyu: Swali la kweli: ukishapunguza upepo, unaujazia wapi?

Dereva Mstaafu: Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara. Jaza kabla hujapanda lami. Au kamuulize shemeji wa watu, kaendesha Dubai.