Tupeane uzoefu: mhina ukipukutika kiangazi, umekufa au umelala?

Binti Mikindani: Wapendwa, nyuma ya jiko nina mhina aliouacha bibi. Mwaka juzi, mwezi wa tisa, ulipukutisha majani yote ukabaki vijiti na miiba. Fundi aliyekuja kunijengea ukuta akasema umekufa, tung'oe. Nikakwangua gome kwa ukucha, ndani kijani! Nikakataa. Mvua za Desemba zilipokolea ukachipua, kisha yakaja maua, yale madogo meupe ya kuelekea manjano. Jioni harufu inaingia hadi chumbani. Bibi alikuwa akiyatia sandukuni katikati ya kanga zake. Nyie wenzangu, yenu imewapitisha wapi?

Mama Lindi Mjini: Wangu niliuua mwenyewe, dada. Ulipopukutika nikadhani una kiu, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni. Kwangu ni bondeni, udongo mfinyanzi, maji yanatuama. Mizizi ikaoza. Mpaka leo naumia, niliupanda mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza.

Newala Juu: Pole sana mama. Sisi huku maji tunanunua kwa ndoo, nikajua sitauweza. Kumbe ukishashika mizizi hauombi maji mengi, ni mwaka wa kwanza tu wa kuubembeleza. Nilichomeka vijiti sita, unene wa kalamu, Januari mvua ikinyesha. Vikashika vinne.

Babu wa Kilwa: Wajukuu, maua ya mhina hutoka kwenye ncha za matawi machanga. Kila harusi mnakata ncha hizo kwa ajili ya majani, halafu mnauliza harufu imekwenda wapi. Mimi ninayo miwili, mmoja wa kuvuna, mwingine siugusi. Majani anikeni kivulini, jua kali linaua rangi, kisha twangeni na kuchekecha kwa kitambaa chepesi. Na tafadhali, msitie ndani yake dawa nyeusi ya nywele ili hina iwe nyeusi. Mjukuu wangu alitoka malengelenge mkono mzima, siku mbili kabla ya kuolewa.

Binti Mikindani: Shikamoo babu. Basi nitachomeka wa pili mvua zikianza, chini ya dirisha la mama. Kuna aliyeotesha kwa mbegu?

Newala Juu: Mimi. Ni ndogo mno, usizifukie kwa kina. Loweka siku chache ukibadilisha maji, nyunyiza juu ya mchanga wenye unyevu, uwe na subira. Zangu zilichelewa hadi nikataka kumwaga kopo.