Kukodi skuta Chiang Mai kwenda Pai: naomba ushauri

Msafiri_Kaskazini: Wakuu, habarini. Mwezi ujao nipo Chiang Mai, Thailand, siku sita. Nataka kukodi skuta ya cc 125 niende mji mdogo wa Pai na kurudi. Leseni yangu ya Tanzania ni ya gari tu. Duka linataka niwaachie pasipoti. Ni sawa? Na nikague nini?

Daraja_A: Mkuu, anza na leseni. Leseni ya kimataifa inatafsiri tu kile kilichomo kwenye leseni yako ya nyumbani. Kama huna daraja la pikipiki, hutapigiwa muhuri kwenye A, yaani daraja la pikipiki. Faini ya trafiki utaimudu. Balaa ni bima ya safari, kwa sababu ukianguka bila daraja A kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na bili ya hospitali inakuwa yako. Bima ya lazima ya Thailand, Por Ror Bor, inahusu majeruhi tu, tena kwa kiwango kidogo. Skuta ikivunjika haimo. Ongeza daraja kabla ya kusafiri. Muda hautoshi? Panda basi dogo kituo cha Arcade, saa tatu hivi uko Pai.

Mama Spana: Pasipoti usiache, ndugu yangu. Ikishakuwa kwenye droo yao, bei ya mkwaruzo wanapanga wao. Toa nakala na dhamana ya fedha taslimu. Baht 3,000 ni kawaida, na kodi ni 200 hadi 300 kwa siku. Wakikataa, nenda duka la pili. Kabla ya kuwasha, piga video skuta nzima mwenye duka akiwepo: ekzosi, ncha za breki, saitimira, na chini ya ubao wa miguu, ambako wengi hawaangalii.

Tairi: kashata zikiwa zimelingana na vile vinundu vidogo ndani ya mifereji, zimekwisha. Bana breki ya mbele kwa nguvu ukihesabu hadi kumi. Mkono wa breki ukizama taratibu, mafuta ya breki yanavuja.

Kona762: Upande wa kuendesha ni kushoto kama nyumbani, hilo halitakusumbua. Kinachoumiza watu barabara ya 1095, ya kwenda Pai, ni mteremko. Skuta haina gia ya kushusha, na mwendo ukipungua sana klachi inaachia, skuta inaserereka yenyewe kama baiskeli. Hapo watu wanang'ang'ania breki mpaka mafuta ya breki yanachemka na mkono wa breki unakuwa laini. Zungusha mkono wa mafuta kidogo klachi ishike tena, kisha achia. Breki bana na kuachia, zote mbili, kabla ya kona. Ndani ya kona zenye mchanga au maji usiiguse ya mbele.

Msafiri_Kaskazini: Asanteni sana. Mafuta je?

Kona762: Gasohol (petroli iliyochanganywa na ethanoli) 91 au 95. Jaza Mae Malai, pale inapoanzia 1095, kabla ya kuanza kupanda.