Tupeane uzoefu: misemo ya Kizungu ya kuharibiana mipango ilivyokuponza

Wadau wa kusini habari za jioni. Leo nimekumbuka kisa nikacheka peke yangu hapa Ligula, Mtwara, mpaka mama ntilie kaniuliza kulikoni.

Kipindi kile cha bomba la gesi la kwenda Dar nilikuwa karani wa stoo kwa mkandarasi mmoja. Asubuhi kikao, bosi Mwingereza kavimba, mzigo umekwama bandarini kwa ajili ya makaratasi, akasema somebody has thrown a spanner in the works. Fundi wetu mmoja mtu wa Newala, Kiingereza chake cha kuokoteza, alichosikia ni spana tu. Na wiki ile spana ringi namba 19 ilikuwa haionekani na macho yote yako kwake. Akasimama, kofia mkononi: "Bosi, mimi spana nimerudisha na kitabu nimesaini, kama imetupwa waulizwe wa shifti ya usiku." Kimya. Mzungu ananigeukia mimi, anasemaje huyu? Sasa shida ni kwamba ile spana nilikuwa nayo mimi, niliichukua kukaza tenki la maji nyumbani. Nikatafsiri: anasema pole na kazi.

Msemo wenyewe ni wa mashine, ukitupia spana kwenye meno ya gia kazi imesimama. Wamarekani wao wanasema monkey wrench. Sie kwetu mtu kakutia mchanga kwenye kitumbua, imeisha hiyo. Haya leteni vyenu.

Mkwe wa Tandahimba: Mi aliyenimaliza ni mjomba wangu kabisa. Niliwaambia wakwe mnada wa tatu ukipita hela ikiingia benki naleta mahari, korosho zangu ziko ghalani na stakabadhi ninayo. Siku ya kikao watu washakunywa chai, mambo yanaenda, na kwetu Wamakonde mjomba ndo mwenye neno, basi akaanza kunisifia, kijana huyu mchapakazi, hata mwezi wa saba alipokosa hela ya sulfa hakuja kuomba mtu, aliuza gunia mbili kangomba akapuliza mikorosho yake yote. Jamani. Kangomba si ndo kuwauzia walanguzi korosho kimagendo nje ya chama! Baba mkwe ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi, kila mkutano anapiga vita kangomba! Aliweka kikombe chini taratibu, akaomba kikao kiahirishwe. Usiku mchumba, mwalimu wa Kiingereza, ananitumia meseji your uncle has upset the apple cart, yaani mjomba kavuruga mipango. Nikamuuliza mkokoteni wa matofaa umetokea wapi Tandahimba, huku mabibo yenyewe yanaozea chini hamna wa kuokota. Hakujibu siku mbili. Tulioana lakini, miezi minne baadae.

Mwana Mikindani: Sisi tunaobeba wageni tunayo mengi. Tuko katikati ya maji mgeni anaongea na mkewe habari za kazini kwao, akasema I don't want to rock the boat, maana yake hataki kuchokoza mambo yaliyotulia. Msaidizi wangu akarukia kati, akakaa akashika mbao kwa mikono miwili, "Mwambie sijatikisa mimi, ni mkondo!"

Ticha Masasi: Mi kuna mmoja unaninyima raha darasani, put a spoke in someone's wheel. Wanafunzi wanabisha, ticha baiskeli bila spoku si haiendi, sasa kuongeza spoku ni kuharibu vipi? Na wana haki. Spoku ya hapo sio ile ya baiskeli, ni gongo unalolipachika kwenye gurudumu la mkokoteni likagoma kuzunguka. Nilipochomeka fimbo yangu ya ubao kwenye baiskeli ya mkuu wa shule ndo wakaelewa. Mkuu hakuelewa.

Abiria wa Somanga: Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara imekatika Somanga, magari yamepanga foleni huku na huku na mimi kesho yake nina intavyuu Dar. Nikajifanya msomi nikamtumia yule mhusika meseji ya Kizungu, it has rained on my parade, yaani mipango yangu imeharibika, ila parade yenyewe ni gwaride. Akajibu, "Pole, sikujua kama wewe ni askari." Kazi sikupata, lakini sina uhakika kama ni mvua au ni ule Uzungu.

Mdau Nanyamba: Mleta mada usitukimbie. Spana ilirudi? Na fundi alijua?

Mleta mada: Alijua. Jumapili moja alikuja kwangu kula ming'oko, ile mizizi ya porini, akaenda kunawa, akaiona pale juu ya tenki. Hakusema kitu. Aliifuta kwa shati, akaitia mfukoni, akarudi kukaa, akaomba aongezewe chai.