Mjadala: Wakija kuuliza nyumba yako iko hali gani na unailipia kiasi gani, utawafungulia?

Mjukuu wa Maweni (mwenye hoja)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nina hoja, nataka tuijadili sisi wa Malindi, na ndugu zetu wa Lamu wakipenda waingie. Naona mji wetu wahitaji uchunguzi wa nyumba, mlango kwa mlango, unaorudiwa kila baada ya muda: nyumba iko hali gani, na aliyemo inamgharimu kiasi gani kwa mwezi. Nikilitaja hili barazani, nusu ya watu huniunga mkono, nusu huniangalia kama nimetumwa na watoza ushuru.

Nianzie nyumbani. Nyanya yangu ana nyumba Maweni, mbele mawe, nyuma udongo, juu mabati. Sensa ya Agosti 2019 ilipofika, karani aliuliza paa ni la nini, kuta, sakafu, maji mwateka wapi, choo ni cha aina gani. Akauliza nyumba ni yenu au mwapanga. Nyanya akajibu, "Yangu, tulijenga na marehemu." Kweli tupu. Karani akabonyeza akaenda zake.

Sasa, chini ya kitanda cha nyanya pana mkebe wa biskuti. Ndani yake mna risiti zimefungwa kwa ukili, nyingine zimeliwa na mende pembeni, wino umegeuka rangi ya chai. Ni za kodi ya kiwanja, anayomlipa mwenye ardhi tangu mama yangu hajaolewa. Nyumba ni yake, ardhi ni ya mtu. Desturi hii ya nyumba bila ardhi imejaa pwani yetu, Mombasa hadi huku, nasi tumeizoea mpaka hatuioni tena. Katika hesabu ya serikali nyanya yangu ni mwenye nyumba asiyelipa kitu. Mwenye ardhi akiuza kesho, nyanya atabaki na mabati na fremu za milango.

Marekani wana uchunguzi wa namna hii tangu 1973. Idara yao ya sensa huufanya kwa ajili ya wizara ya nyumba, siku hizi kila miaka miwili, kwa nchi nzima na kwa miji mikubwa mmoja mmoja pamoja na vitongoji vyake, kama New York na Chicago. Kilichonivutia ni kuwa hurudi kwenye nyumba ile ile, hata kama aliyekuwamo alishahama. Wanaulizwa kodi, maji, stima, na pia mambo ambayo sisi huyaona ni ya aibu: paa lavuja? Choo kiliharibika? Panya wapo? Ukuta umepasuka? Na nyumba isiyokaa mtu nayo huandikwa. Fikirini zile nyumba za ufuoni zenye bustani na mlinzi, taa moja tu yawaka mwaka mzima, na nyuma yake kidogo familia ya watu saba chumba kimoja.

Isitoshe, tangu Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza nyingine kama hiyo. Pesa zinakusanywa. Nani amekuja Muyeye au Kisumu Ndogo kuuliza mtu wa huko anaweza kulipa ngapi?

Mwenye vyumba, Barani

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho, na nyanya yako namwombea afya. Lakini mimi sifungui mlango. Nina vyumba sita, kila kimoja 3,500, na mwezi wa tano na wa sita wawili watatu hawalipi kwa sababu hoteli zimefunga. Mtu akija na karatasi kuuliza "kodi ngapi", nitajuaje ni kodi ipi anaitafuta? Neno ni moja. Kodi ninayopokea leo ndiyo kodi nitakayodaiwa kesho.

Mjukuu wa Maweni

Mzee wangu, hofu yako naielewa, nami siwezi kukuambia huna haki ya kuogopa. Ila tupige hesabu pamoja. Vyumba sita kwa 3,500 ni 21,000 kwa mwezi, 252,000 kwa mwaka vikijaa vyote. Ile kodi ya mapato ya pango, iliyoshushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 Januari 2024, ni ya anayepokea zaidi ya 288,000 kwa mwaka. Wewe hufiki. Na Sheria ya Takwimu ya 2006 inakataza taarifa za mtu binafsi kutolewa nje. Karani akizipeleka kwa watoza ushuru, amevunja sheria.

Mwenye vyumba, Barani

Sheria ziko nyingi, mwanangu. Nimeishi nazo.

Kijana wa Kibokoni

Mimi napinga kwa sababu nyingine. Tumechoka kuhesabiwa. Kila mwaka yuaja mtu na fulana mpya, atupiga picha mbele ya choo, aondoka. Choo ni kile kile. Hizo pesa za makarani zingenunua saruji.

Fundi makuti, Kijiwetanga

Kijana ana uchungu wake na ni wa haki. Mimi naezeka, hivyo naziona nyumba kwa juu. Wakati wa kiangazi utaniuliza paa liko vipi, nitakuambia zuri. Njoo masika! Makuti yaliyochoka hayavuji tone tone, yanalowa yote kisha yanakuangukia vipande. Mama mmoja nilimkuta amepanga sufuria nne kitandani, watoto wamelala chini ya meza. Alitaka nimfunike upande mmoja tu, pesa za upande wa pili hana. Karani aliyepita Januari aliandika "paa: makuti" na hakukosea. Lakini ameandika nini?

Kwa hiyo ninaunga mkono, kwa sharti: waje mara mbili. Waje kaskazi, watu wana kazi na paa ni kavu. Warudi kusi, mvua imenyesha, wageni wameondoka, na mpangaji wa huyu mzee wa Barani yuko nyuma miezi miwili. Mkiuliza Desemba tu, Malindi yote itaonekana inajiweza.

Mwana Lamu

Salaam kutoka Mkomani. Kwetu mji mkongwe umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na ukitaka kugusa ukuta wa nyumba yako kuna kanuni. Sizilaumu. Lakini chokaa, boriti za mikoko na fundi anayejua kazi ni ghali, na wenye nyumba wengi wameshindwa, wakawauzia wageni. Nyumba sasa imetengenezwa yang'aa, na aliyezaliwa ndani yake apanga chumba Langoni. Uchunguzi ukiangalia jengo peke yake utasema hali ya nyumba Lamu imekuwa nzuri. Ukimfuata aliyetoka utasikia mengine. Dada yangu wa Maweni, hao Marekani wako wakirudi kwenye nyumba ile ile, yule aliyehama nani amfuata?

Mjukuu wa Maweni

Hapo umenishika pabaya, na nakushukuru. Hawamfuati. Wanafuata nyumba. Kwao kuna faida, unaona jengo moja limepitia mikono ya nani na bei imepandaje. Sisi tungehitaji swali moja zaidi: kabla ya hapa ulikaa wapi, na kwa nini ulitoka?

Kwako kijana wa Kibokoni: hasira yako iko mahali pake. Lakini yule wa fulana alikuja na mradi wake, akaondoka na majibu yake. Mimi nataka matokeo ya kila mtaa yabandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwenye ofisi ya chifu na sokoni. Watu wa Kibokoni wasome wenyewe ni nyumba ngapi zinatumia choo kimoja, wamwendee mwakilishi wao wa wadi na namba mkononi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango. Tukienda kudai bila namba, tunaambiwa tunapiga kelele. Na tukipewa takwimu za kaunti nzima, Malindi imechanganywa na Ganze na Magarini, ambako shida ya nyumba ni ya sura nyingine kabisa.

Mpangaji, Ngala

Jamani kodi si kodi peke yake. Nalipa chumba 4,000. Bomba likikauka nanunua maji 20 kwa mtungi, mitungi mitano kwa siku, nina mtoto mchanga. Hiyo ni 100, na kuna miezi bomba hukauka siku kumi na tano. Hapo 1,500 imetoka, stima bado. Huko Marekani nasikia mtu akizidisha asilimia 30 ya mapato yake kwenye nyumba, wanasema amelemewa. Mimi mume wangu ni wa bodaboda, hatujui mapato yetu ni ngapi mpaka jioni.

Mwenye vyumba, Barani

Dada wa Ngala amesema kweli, mpangaji wangu mmoja yuko hivyo hivyo. Basi nitasema hivi. Wakija vijana wa mtaa huu, ninaowajua wazazi wao, na jina langu lisiandikwe, nitawakaribisha barazani. Ndani sitawaingiza. Na hilo swali la kiwanja waliweke mbele, kwa sababu na mimi ardhi ya Barani si yangu.

Mjukuu wa Maweni

Mzee wangu, hilo sikulijua. Basi nimeliandika, mnirekebishe: "Ardhi iliyo chini ya nyumba hii ni ya nani? Unamlipa kiasi gani, kwa mwezi au kwa mwaka, na mara ya mwisho alipandisha lini?"

Fundi makuti, Kijiwetanga

Ongeza: "Risiti unazo?"